Historia Fupi ya Zana za Kukagua Kurasa za Wavuti

Tuanze na sentensi moja ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, nchini Burundi: "Wavuvi wa Minago wamefika Rumonge." Ikiwekwa katika ukurasa wa wavuti uliotambulishwa kuwa wa Kifaransa, programu inayomsomea asiyeona huweza kuitamka Kifaransa, naye akakosa maana. Kosa hili halionekani kwa macho. Limo katika alama za ukurasa, ambamo Kiswahili hutambulishwa kwa "sw".

Hapo awali, vivinjari vingi vilituonyesha alama hizo kama zilivyotumwa tu. Mwaka 2006 Joe Hewitt alitoa Firebug, nyongeza ya Firefox iliyotuwezesha kuchagua neno, kuona alama yake na kuibadilisha papo hapo kwa majaribio. Mwaka 2008 Opera ilileta Dragonfly, na Chrome ikatoka na zana zake ndani. Firebug ilibidi isakinishwe kando; zile za Chrome hazikuhitaji hivyo. Firebug ilikoma mwaka 2017, kazi yake ikarithiwa na zana za Firefox yenyewe.

Basi walimu tusiishie kusahihisha sarufi. Tukague na alama ya lugha, ili Kiswahili cha Minago kisomwe kama Kiswahili.