Kupanda: Kitenzi cha Mlima na cha Kihamba

Kitenzi "panda" kina maana mbili kuu, ambazo kamusi huzitenga kama maneno mbalimbali: kwenda juu, na kutia mbegu au mche ardhini. Kiingereza kina kitenzi chake kwa kila maana. Kwa Kiswahili, neno linalofuata ndilo huamua. "Mlima umepandwa" ni habari ya aliyefika kileleni. "Mlima umepandwa kahawa" ni habari ya mkulima.

Mwishoni mwa karne ya 19, wamisionari Wakatoliki wa Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, walipanda kahawa, na zao hilo likaenea vihambani, yaani katika mashamba ya nyumbani ya Wachagga, chini ya migomba. Masetla hawakupenda Wachagga walime kahawa. Mwaka 1925 wakulima hao waliunda chama, na katika jina lake la Kiingereza wakajiita wapandaji, cheo ambacho wazungu wenye mashamba makubwa walikizoea kuwa chao. Ulikuwa ujasiri wa aina yake. Mwaka 1933 nafasi ya chama hicho ilichukuliwa na chama cha ushirika, KNCU.

Kwa maana ya kwanza, historia iliyoandikwa huanza na Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, waliofika kilele cha Kibo, mlimani Kilimanjaro, tarehe 6 Oktoba 1889. Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha Mwenge wa Uhuru hapo hapo, na kilele kikaitwa Uhuru. Mnyambuliko huo wa "pandisha" hutumika pia kwa bendera, bei na vyeo.

Anayepanda mbegu ni mpanzi, lakini anayepanda mlima ni mpanda mlima, kamwe si mpanzi. Hata jina hilo halitolewi kwa haki: mgeni aliyepanda mara moja hulipata, ilhali aliyembebea mizigo, ambaye hupanda mwaka baada ya mwaka, hubaki kuitwa mpagazi.

Mjini Moshi kitenzi hiki hakihitaji hata kilele. Mtu hupanda Kibosho au Marangu akiwa ameketi ndani ya Hiace, ambayo nayo ameipanda, kisha hushuka mjini. Njia Panda, karibu na Himo, haimo katika hesabu hii: "panda" hapo ni nomino yenye maana ya mahali panapogawanyika, kwa kuwa hapo barabara itokayo Same hukutana na ile ya Moshi kwenda Taveta.