Vancouver kukavu, Calgary mvua: Kwa nini majira ya joto magharibi mwa Kanada yana sura mbili

Ukitua Vancouver mwezi Julai na mwavuli, huenda ukarudi nao nyumbani mkavu. Mji huo unasifika kwa mvua, na sifa hiyo ni ya kweli, ila mvua zake ni za miezi ya baridi. Wastani wa Julai ni milimita 36 hivi. Novemba ni karibu 190.

Sasa vuka Milima ya Rocky uende mashariki hadi Calgary, jimbo la Alberta. Huko mambo ni kinyume: Juni ndiyo mwezi wenye mvua kuliko yote, wastani wa milimita 110 hivi, wakati mvua ya mwaka mzima haifiki 450. Yaani karibu robo ya maji ya mwaka inashuka ndani ya siku 30.

Iko hivi. Joto linapoanza, eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa hutanuka juu ya Bahari ya Pasifiki na kuzisukuma dhoruba kaskazini, upande wa Alaska. Chini ya mgandamizo huo hewa inashuka, na hewa isiyopanda haitengenezi mawingu ya mvua. Ndiyo maana pwani inakauka.

Mabonde yaliyo katikati ya milima yana shida zaidi, kwa sababu hewa ya baharini humwaga maji yake kwenye miteremko ya magharibi na kufika huko ikiwa imekauka. Kamloops hupata chini ya milimita 300 kwa mwaka mzima. Katika eneo hilohilo kuna kijiji cha Lytton, ambako Juni 29, 2021 kipimajoto kilisoma nyuzi 49.6, rekodi ya Kanada nzima. Siku iliyofuata moto uliteketeza sehemu kubwa ya kijiji hicho. Wimbi hilo la joto liliua watu 619 katika jimbo la British Columbia, wengi wao wakiwa ndani ya nyumba zao.

Mvua ya jioni, tena kwa mapande

Upande wa nyanda, yaani Alberta, Saskatchewan na Manitoba, jua la Juni hukaa angani zaidi ya saa 16. Ardhi inapata moto, hewa inapanda, juu inakutana na ubaridi, jioni radi zinaanza. Unyevu wake mwingine hutoka mbali, Ghuba ya Mexico, na mwingine hutoka palepale: mashamba ya ngano na kanola hutoa mvuke mwingi yakiwa yamestawi.

Tatizo ni kwamba mvua ya namna hii haina usawa. Shamba moja linaloa chapachapa, la jirani halipati hata tone.

Na mara nyingine kinachoshuka ni barafu. Juni 13, 2020 mvua ya mawe ilipiga kaskazini mashariki mwa Calgary, ikavunja madirisha, ikatoboa kuta za nyumba na kusababisha hasara ya zaidi ya dola bilioni 1 za Kanada. Tangu 1996 kampuni za bima hulipia ndege zinazorushia mawingu iodidi ya fedha ili mawe yawe madogo. Bima si shirika la hisani. Hesabu yao ni kwamba ndege ni nafuu kuliko kulipa mapaa.

Mafuriko ya Juni 2013 yalikuja kwa njia nyingine. Hewa yenye unyevu ilivuma kutoka mashariki, ikagonga Rocky, ikapanda na kukwama hapo, huku milimani bado kukiwa na theluji. Watu wapatao 100,000 waliambiwa wahame, na mji wa High River ukazama.

Ikichelewa, basi tena

Kwa mkulima wa ngano, jumla ya mvua ya mwaka haina maana sana. Anachohitaji ni mvua ya Mei hadi mapema Julai. Ikija Agosti, ngano imeshakomaa, na maji hayo yanaweza kuiharibu kabla ya kuvunwa. Mwaka 2021 mvua zilikosekana wakati muhimu, na mavuno ya ngano ya Kanada yakashuka kwa zaidi ya theluthi moja.

Misitu nayo inategemea mvua hizohizo. Zikikosa, radi moja isiyo na mvua inatosha kuwasha moto. Mwaka 2023 ziliungua zaidi ya hekta milioni 15 nchi nzima, eneo kubwa kuliko Malawi. Julai 2024 ikawa zamu ya Jasper, mji wa kitalii ndani ya Rocky: wakazi na wageni waliondolewa mapema, lakini takriban theluthi moja ya majengo yakateketea.

Kwa Wakongo, Warundi na Wakenya walioko Calgary, Edmonton au Winnipeg, kuna jambo la kujua kuhusu simu zao. Tahadhari ya awali inamaanisha mazingira ya dhoruba yapo. Onyo linamaanisha dhoruba imeanza au iko karibu kufika. Onyo la kimbunga cha nchi kavu huja na mlio mkali hata kama huna programu yoyote ya hali ya hewa. Ukiusikia, shuka ghorofa ya chini kabisa na ukae mbali na madirisha.