Ndege ya Pedali ya Wanafunzi wa Southampton, 1961

Mwaka 1959 Henry Kremer, mfanyabiashara wa Uingereza, aliahidi pauni 5,000 kwa ndege itakayoendeshwa kwa nguvu za mwili wa binadamu pekee na kuchora umbo la nane kuzizunguka nguzo mbili zilizo umbali wa nusu maili. Simulizi nyingi huruka kutoka ahadi hiyo hadi mwaka 1977, zawadi ilipopata mwenyewe. Kwa kufanya hivyo, zinaisahau kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southampton, ambao ndege yao, SUMPAC, haikushinda chochote.

Tatizo la msingi lilikuwa uchache wa nguvu. Mwendesha baiskeli hodari huweza kutoa takribani wati 300 kwa dakika kadhaa, kiasi ambacho injini ndogo ya pikipiki hukipita kwa mbali. Kwa hiyo wanafunzi walibuni mabawa marefu na membamba, yenye upana wa mita 24 hivi kutoka ncha hadi ncha, ili kupunguza ukinzani wa hewa. Ubunifu wao mkubwa zaidi, hata hivyo, ulikuwa katika pedali: ziliendesha gurudumu pamoja na rafadha iliyowekwa juu ya nguzo. Gurudumu liliisukuma ndege ardhini. Lilipoinuka, rafadha ilibaki na kazi peke yake. Hapo ndipo SUMPAC inapotofautiana na majaribio ya Ujerumani na Italia ya miaka ya 1930, ambayo yalitegemea sana kurushwa kwa manati.

Tarehe 9 Novemba 1961, katika uwanja wa Lasham, Derek Piggott, mkufunzi mzoefu wa ndege zisizo na injini, alikanyaga pedali na kupaa. Alisafiri mita 64 tu. Wiki moja baadaye ikapaa Puffin, iliyoundwa na wafanyakazi wa kiwanda cha ndege huko Hatfield. Mwaka 1962 iliruka mita zaidi ya 900. Wahandisi wa kulipwa, basi, walikuwa nyuma ya wanafunzi kwa siku saba.

Kona ndiyo iliyowashinda wote wawili. Bawa refu likigeuka, ncha ya ndani hupungukiwa na kasi na huelekea kuzama, na ardhi iko mita chache tu chini. Gossamer Condor ya Paul MacCready ilikamilisha umbo la nane mwaka 1977, Bryan Allen akiwa kwenye pedali. Zawadi ilikuwa imefikia pauni 50,000.