Wan Gang: Profesa wa magari aliyepewa wizara China bila kadi ya chama tawala

Aprili 2007, China ilimtangaza Waziri mpya wa Sayansi na Teknolojia: Wan Gang, mhandisi wa magari na mkuu wa Chuo Kikuu cha Tongji kilichopo Shanghai. Kisomo alikuwa nacho cha kutosha. Kadi ya Chama cha Kikomunisti ndiyo hakuwa nayo, na kwa zaidi ya miaka 30 hakuna mtu wa nje ya chama hicho aliyekuwa amepewa wizara.

Sasa alipitaje? Njia yake ilianzia mbali sana na ofisi za Beijing.

Kijijini, darasani, kiwandani

Wan Gang alizaliwa Shanghai mwaka 1952. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, vijana wa mijini walipelekwa vijijini kufanya kazi za mikono. Yeye akapelekwa Yanbian, mkoa wa Jilin, karibu na mpaka wa Korea Kaskazini. Alikaa huko miaka kadhaa kabla ya kupata nafasi ya kusoma chuo cha misitu mjini Harbin. Baadaye akafanya shahada ya uzamili Tongji, akabaki hapo hapo kama mwalimu.

Mwaka 1985 akaenda Ujerumani, akapata udaktari wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Clausthal. Mwaka 1991 akaajiriwa na Audi mjini Ingolstadt, akadumu karibu miaka kumi na kupanda hadi umeneja. Wengi wangetulia hapo: mshahara mzuri, kazi ya kuheshimika, watoto shule.

Hoja iliyomrudisha nyumbani

Mwaka 2000 Zhu Lilan, aliyekuwa waziri wa sayansi wa China, alitembelea Audi. Wan Gang akamweleza wazo lake, kisha akaliandika na kulipeleka kwa Baraza la Serikali la China.

Hoja yenyewe ilikuwa rahisi kuielewa. Kwenye injini za petroli, Wajerumani, Wajapani na Wamarekani walikuwa wametangulia kwa karibu miaka mia moja. Ukiwafukuza humo humo, utabaki nyuma yao daima. Kwenye gari la umeme, kila mtu alikuwa bado mwanzoni. Tena China ilikuwa ikinunua mafuta mengi kutoka nje, na moshi wa magari ulikuwa umeanza kuikaba miji yake. Hilo ndilo lililomfungulia mlango: aliwapa wakubwa jibu la tatizo ambalo tayari lilikuwa linawaumiza kichwa.

Akaitwa nyumbani kuongoza mradi wa taifa wa magari ya umeme, chini ya mpango wa utafiti unaojulikana kama 863. Mradi haukubahatisha aina moja tu. Ulijaribu aina tatu kwa pamoja: gari la haibridi, gari la betri na gari la haidrojeni. Mwaka 2004 akawa mkuu wa Tongji, na miaka mitatu baadaye waziri.

Kuhusu siasa: Wan Gang ni wa chama cha Zhi Gong, kimoja kati ya vyama vidogo 8 vinavyoruhusiwa China, chenye wanachama wengi waliowahi kuishi ng'ambo. Asije mtu akadhani ni upinzani. Vyama hivyo hufanya kazi chini ya uongozi wa Chama cha Kikomunisti.

Mabasi kwanza

Januari 2009, wizara yake na ile ya Fedha zilianzisha mpango wa kuingiza magari ya umeme mijini. Zilianza na mabasi, teksi na magari ya huduma za umma. Hapo uhandisi wake ulionekana. Basi lina njia moja, kilomita zake kwa siku zinajulikana, na usiku linarudi gereji, kwa hiyo kulichaji si shida. Mnunuzi ni jiji, si mwananchi anayehofia kuishiwa chaji katikati ya safari.

Mwisho wa 2017, Shenzhen ikawa na mabasi ya umeme matupu, zaidi ya 16,000. Shenzhen ndiko yaliko makao ya BYD, kampuni iliyotengeneza mabasi ya kwanza ya BasiGo yaliyoanza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022.

Sifa zote haziwezi kwenda kwake. BYD, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1995 na Wang Chuanfu, mtaalamu wa kemia, kama kampuni ya betri. Pia fedha za ruzuku zilivuta wajanja. Mwaka 2016 Wizara ya Fedha ilizitaja hadharani kampuni tano za mabasi zilizochota kwa udanganyifu takribani yuan bilioni 1, kama dola milioni 150 za wakati huo. Ni aibu iliyoupaka matope mpango mzima.

Wan Gang aliondoka wizarani Machi 2018, baada ya karibu miaka 11. Mwaka huo China iliuza magari ya umeme na haibridi za kuchaji zaidi ya milioni 1.2. Mwaka 2023 yalifika karibu milioni 9.5.

Baada ya hapo aligeukia kuipigia debe haidrojeni, akisema inafaa malori na safari ndefu. Safari hii mambo hayajamwendea kasi vile: vituo vya kujazia bado ni vichache, gesi yenyewe ni ghali, na magari ya aina hiyo bado ni tone tu kwenye soko la China.