Mwongozo wa Ununuzi wa Trekta: Haja ya Nakala ya Karatasi kwa Wakulima wa Babati

Babati ni mji wa njia panda. Barabara itokayo Arusha, umbali wa takriban kilomita 170, hugawanyika hapo: tawi moja huelekea Katesh na Singida, jingine Kondoa na Dodoma. Kwa mkulima wa makao makuu haya ya Mkoa wa Manyara, hali hiyo ina maana kwamba trekta mara nyingi hununuliwa mbali na shamba. Mnunuzi husimama mbele ya mashine asiyowahi kuijaribu katika udongo wake, akiwa na fedha alizozikusanya kwa miaka kadhaa kutokana na mahindi, mbaazi au mifugo.

Kwa sababu hiyo, mwongozo wa ununuzi uliochapwa kwa Kiswahili ni hitaji halisi. Taarifa nyingi hupatikana kwa simu ya mkononi, lakini huja vipande vipande na aghalabu kwa Kiingereza. Nakala ya karatasi husomwa na familia nzima kabla ya kuuza ng'ombe, hupelekwa kwa fundi akaipitia, na hujazwa mbele ya muuzaji naye akatia saini. Jarida la Ukulima wa Kisasa la Wizara ya Kilimo lilionesha kwa miongo kadhaa kwamba maarifa yaliyochapwa hupita mkono hadi mkono na kuwafikia wengi.

Mwongozo wenye manufaa unapaswa kujibu maswali yafuatayo.

Shamba linahitaji nguvu kiasi gani?

Udongo mzito wa mabonde ya Magugu na Kiru haulimwi sawa na miteremko ya Dareda na Bashnet. Jembe la sahani 3 kwa kawaida huhitaji trekta la nguvu farasi 60 hadi 75, na udongo wa mfinyanzi huhitaji zaidi. Trekta linaloendeshwa kwa magurudumu yote 4 hufaa penye matope na miteremko, ingawa bei na matengenezo yake ni ya juu zaidi.

Litafanya kazi kiasi gani?

Jembe la sahani 3 lenye upana wa mita 0.9, likivutwa kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, hulima mita za mraba 4,500 kwa saa. Ikiondolewa robo kwa ajili ya kugeuza na kusimama, siku ya saa 8 hutoa takriban ekari 6 na nusu. Mwenye ekari 20 atamaliza shamba lake kwa siku 3 au 4. Hivyo basi, trekta lake litajilipa tu iwapo litawalimia wengine, litavuta tela au litaendesha mashine ya kupukuchua mahindi. Asiye na uhakika wa kazi hizo ni heri akodi, au anunue kwa pamoja na wenzake kupitia chama cha ushirika.

Vipuri na fundi wapo wapi?

Injini nyingi huhitaji kubadilishiwa oili kila baada ya saa 250 za kazi, yaani takriban mwezi mmoja wa kulima mfululizo. Chujio au mpira wa pampu ukikosekana wakati mvua imeanza, msimu hupotea. Matrekta ya URSUS kutoka Poland, yaliyounganishwa Kibaha chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC), yaliacha fundisho: malalamiko ya wakulima kuhusu ubora na huduma baada ya mauzo yalifika hadi bungeni. Mnunuzi aandike jina la duka la vipuri lililo karibu naye na bei za vipuri vikuu kabla ya kulipa.

Limepimwa na nani?

Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini (CAMARTEC), kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1981 na chenye makao yake Arusha, kina jukumu la kupima zana za kilimo. Mnunuzi ana haki ya kumuuliza muuzaji kama aina hiyo ya trekta imepimwa nchini. Kwa trekta lililotumika, akague saa za kazi kwenye kipima-saa, moshi wa injini baada ya kupata joto, uvujaji wa oili, na nguvu ya kunyanyua jembe. Vilevile ahakikishe namba za chasi na injini zinalingana na kadi ya usajili.

Fedha zitatoka wapi?

Mfuko wa Taifa wa Pembejeo za Kilimo (AGITF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hutoa mikopo ya matrekta. Marejesho yapangwe kufuata mavuno, na hesabu ijumuishe dizeli, dereva, matengenezo, jembe na tela.

Mwongozo wa namna hii, wenye nafasi za kujaza majibu, ungefaa kuwekwa katika ofisi za kata na vyama vya ushirika, ambako afisa ugani na mkulima huweza kuusoma pamoja. Hadi hapo utakapopatikana, wananchi wanashauriwa kuyanakili maswali haya kwenye daftari, kudai majibu yaliyoandikwa na risiti halali, na kutolipa malipo yote kabla trekta halijajaribiwa likiwa limefungwa jembe.