Marekani Isiyotoka Marekani

Ukipita kwenye maduka ya vitambaa ya Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, waangalie wateja wazoefu. Mtu anashika kitambaa, anakifikicha kwa vidole, kisha anakiinua kwenye mwanga. Haringi huyo, anapima. Kikitoa unga mweupe, ujue kimeshindiliwa wanga. Ukikifua mara mbili kinalegea kama chandarua. Mwanga ukipenya kwa shida, nyuzi zimebanana.

Mababu zetu nao walikuwa wachaguzi hivyohivyo. Miaka ya 1830 meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikishusha Zanzibar kitambaa kizito cha pamba, hakijapaushwa, ufumaji wake rahisi kabisa: uzi mmoja juu, mmoja chini, ila umebana hasa. Watu wakakiita merikani, au marekani. Mwaka 1833 Sayyid Said akafanya mkataba wa biashara na Wamarekani, na 1837 konsuli wao, Richard Waters, akafika Unguja. Meli zilirudi na pembe za ndovu na sandarusi, utomvu wa kale uliochimbwa ardhini huku Mrima, ukaenda kuwa vanishi.

Viwanda vya Uingereza viliiga, lakini wateja hawakudanganyika upesi. Bara, merikani ilikuwa pesa: shuka moja mikono minne, doti mikono minane. Ndiyo, doti hiyohiyo unayoitaja leo ukinunua kanga.

Hapa ndipo nashindwa kuisifia moja kwa moja. Pamba yake ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani. Huku kwetu, kitambaa hichohicho kilinunua pembe, na kilinunua watu. Aliyeuzwa kwa doti kadhaa alilipiwa kwa jasho la mtumwa mwenzake ng'ambo ya bahari, na hakuna kati yao aliyejua habari za mwingine.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba ikaadimika na meli za Salem zikapungua. Vitambaa vya Uingereza na baadaye vya Bombay vikachukua nafasi. Jina lakini halikuondoka na meli. Mteja alitaka merikani, basi akauziwa merikani, hata kama ilifumwa India.

Juzi nilinunua marekani ya bitana. Nikamuuliza muuzaji inatoka wapi.

"China, dada," akajibu, huku akinipimia mita tatu.