Vitambaa vya Viti: Kutoka Kochi la Kiingereza hadi Sebule za Kakamega

Mgeni anayekaribishwa sebuleni Kakamega, iwe Butere, Mumias au Shinyalu, hukuta kochi limevishwa. Mgongoni pana kitambaa kipana chenye maua, mikononi viwili vidogo vya kufanana, na mezani kingine kikubwa, cheupe pe. Mapambo haya yana historia inayostahili kusimuliwa, nayo inaanzia mbali.

Mwanzoni mwa karne ya 18, nyumba za matajiri Uingereza zilikuwa na viti vya mikono vya mti wa walnut, migongo mirefu, vingine vikiwa na mabawa pembeni ya kuzuia upepo wa baridi. Uzuri wake ulikuwa kwenye kitambaa. Wanawake wa nyumba hizo walidarizi turubai kwa nyuzi za sufu, mshono mdogo baada ya mwingine, wakachora maua, ndege na visa vya Biblia. Ilikuwa kazi ya miezi mingi. Kisha fundi aliigongomelea turubai hiyo kwenye fremu kwa misumari. Ikichafuka, haikufulika.

Mwishoni mwa karne hiyo, kinyozi wa London aitwaye Alexander Rowland alianza kuuza mafuta ya nywele aliyoyapa jina la Makassar, bandari ya Indonesia ya leo. Wanaume waliyapenda, na migongo ya viti ikaloa mafuta. Katika karne ya 19 wanawake wakapata dawa: kitambaa cha kutandika mgongoni mwa kiti, cha kutolewa, kufuliwa na kurudishwa. Hicho ndicho kilichovuka bahari na kuota mizizi Afrika Mashariki.

Waluhya, wenyeji wa Kakamega, walikuwa na viti vyao kabla ya hapo. Kigoda cha mzee kilichongwa kwa gogo moja, nacho kilibeba heshima ya mwenyewe. Si kila mtu angekikalia. Kiti chenye mgongo kilifuata wamisheni na serikali. Mwaka 1902 wamisheni wa Quaker kutoka Marekani walifungua kituo Kaimosi, wakaweka mashine ya kupasua mbao karibu na msitu mkubwa na kuwafunza vijana useremala. Mwaka 1920 makao ya serikali ya wilaya yalihamishwa kutoka Mumias hadi Kakamega, na baada ya dhahabu kugunduliwa mwaka 1931, Wazungu wengi wakamiminika kuitafuta.

Wasichana walipewa sindano. Kule Butere, Waanglikana walifungua misheni mwaka 1912, na mwaka 1916 Jane Elizabeth Chadwick akaanzisha shule ya wasichana, ambayo ndiyo Butere Girls ya leo. Katika shule za misheni za wakati huo, ushonaji ulikwenda sambamba na kusoma Biblia. Baadaye, jumuiya ya Maendeleo ya Wanawake, iliyoanzishwa mwaka 1952 chini ya serikali ya kikoloni, ikayapeleka mafunzo ya kushona, kufuma na kupika hadi vijijini kupitia vikundi vya akina mama.

Mpango huo ulikuwa na dosari kubwa, na ni haki kuitaja. Mvulana alifundishwa kazi ya kumpa mshahara. Msichana alifundishwa kuwa mke nadhifu. Hata hivyo, wanawake wa Kakamega hawakubaki pale walipowekwa. Waliichukua sindano wakaifanya yao. Ndoano ya kufumia ilipokosekana, spoku ya baiskeli ilikatwa na kunolewa ncha. Mwenye mkono mzuri alishona seti nzima akauza, fedha ikaenda kwenye karo. Ruwaza zilinakiliwa kwa kutazama tu, kutoka kitambaa cha jirani hadi cha shemeji, bila karatasi wala kitabu.

Seremala naye alirahisisha kochi: fremu ya mbao, mito ya kuondoka, bei ya mwalimu au karani. Kwenye kochi kama hilo kitambaa kilikuwa na kazi ya kweli. Kilizuia vumbi la barabara na nyayo za watoto, na kilificha mto uliochakaa. Disemba inapokaribia na jamaa wa Nairobi wanatarajiwa nyumbani, vyote hufuliwa, hutiwa wanga na kupigwa pasi.

Siku hizi vitambaa vya mashine vinauzwa kwa bei nafuu, na makochi mapya yaliyojaa sponji hayavihitaji. Viti vya Kiingereza vya miaka 300 iliyopita vimehifadhiwa katika makumbusho ya London, na darizi zake zimeandikiwa vitabu. Kazi ya mama zetu imekunjwa sandukuni bila jina. Aliye na kitambaa cha bibi yake akitoe, akipige picha, aandike nani alikishona, kijiji gani na mwaka gani, wakati wanaokumbuka bado wapo.